Konokono wa Mwende

Mjukuu wangu Kioko,

Pokea salamu zetu za hapa Huruma. Babu yako hajambo, mimi ni mgongo tu. Mdogo wangu Mwende tulimzika Jumamosi. Tuliporudi nikakuta barua yako, na mchoro wa konokono uliyemwokota mtoni. Unauliza kama ni wa kichocho.

Miaka ya sabini afisa wa afya alitufundisha shuleni: konokono mwenye gamba lililochongoka mshike ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba ukielekea kwako. Mdomo ukiwa kushoto, huyo ni wa kichocho, usiingie majini. Wiki hiyo mimi na Mwende tuliokota mmoja kijitoni, karibu na palipo sasa mtaa wa Lucky Summer. Baba alikuwa mchonga vinyago, na kila kinyago alikigeuza kichwa chini kwanza, achunguze kitako kama kitasimama. Nami nikamgeuza konokono vivyo hivyo. Mdomo nikauona kulia.

"Ingia tu," nikamwambia Mwende. Mimi nilibaki ukingoni na viatu vyangu vya shule.

Aliugua kichocho. Ya hospitali tuyaache. Afya yake haikurudi, na mtoto hakupata. Gamba nililiweka, na siku moja nikaligeuza ncha juu: mdomo ulikuwa kushoto. Sikumwambia, miaka yote hiyo. Jumamosi nilikuwa nalo mkononi pale kaburini.

Kioko, kwenye mchoro wako ncha iko chini. Geuza karatasi, ncha iwe juu, kabla hujavua viatu.

Nyanya yako