Dawa Ulizokataa Kuzitaja

Baba Zuhura mpenzi,

Leo nimerudi kutoka ofisi ya msaada wa chakula, na kwa kuwa hapa Temple Hills, Marekani, sina mwingine wa kumweleza, nakuandikia wewe.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda pale? Ulikuwa umeacha kuendesha teksi kwa sababu ya moyo na sukari, na mshahara wangu wa kufua mashuka hotelini haukututosha. Zuhura alikosa shule ili atutafsirie. Yule mama wa ofisini akauliza kama unalipia dawa mwenyewe. Mwanetu akakugeukia: "Baba, anauliza kuhusu dawa."

"Mwambie hakuna," ukasema.

Tulipofika kituo cha basi, nikakuvuta pembeni nikakuuliza kwa nini umedanganya. "Sitaki mtoto ayatafsiri maradhi yangu," ukanijibu. Nikapanda basi nawe. Laiti ningerudi ndani.

Ni Bi Rukia, jirani yetu hapa anayetoka Mombasa, aliyenifungua macho baadaye. Kumbe aliyetimiza miaka sitini akipeleka risiti za dawa, za daktari, hata za nauli ya hospitali, sehemu ya gharama hizo huondolewa kwenye kipato chake, na msaada wa chakula unaweza kuongezeka. Wewe ulikuwa na sitini na nne. Mwaka mzima tulikuwa tumekula wali na maharage, nawe ukikata vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Nilikuambia. Ukaenda chumbani ukatoa mfuko uliojaa risiti, uliouficha chini ya soksi zako. Ulikuwa umezitunza zote.

"Twende wawili tu," ukasema.

Tukaenda na Kiingereza chetu cha kuungaunga. Ukayataja maradhi yako moja moja mbele ya mgeni. Wakakubali. Miezi iliyopita hawakutufidia, kwa kuwa hatukuwa tumesema.

Pesa za kadi ya kununulia chakula zilipoongezwa nilikwenda hadi mji wa Laurel kukutafutia samaki nguru, nikampika kwa nazi. Figo zako zilikuwa zimeshachoka. Ulikula matonge mawili, ukasogeza sahani. "Kula wewe, Mama Zuhura." Nikala, wewe ukinitazama. Wiki ya tatu yake tukakuzika.

Leo wamenipunguzia msaada. Gharama zile zilikuwa zako na zimeondoka nawe. Dawa zangu za presha hazihesabiwi mpaka nami nifike sitini, na bado miaka sita. Yule mama wa ofisini alinieleza kwa upole, akarudia mara mbili nipate kuelewa. Nilimshukuru. Zuhura yuko chuoni sasa. Akipiga simu namwambia nakula vizuri, naye ananijibu kwa Kiingereza kwamba amefurahi.

Sikulaumu kwa chakula, Baba Zuhura. Njaa tuliizoea sote wawili. Kinachoniuma ni kwamba uliugua peke yako mwaka mzima katika nyumba ya vyumba viwili, nami nikiona, nikakuacha, nikidhani ndiyo heshima ya mke kwa mumewe.

Mola akupumzishe. Sijui cha kufanya na miaka iliyobaki.

Mkeo,
Mama Zuhura