Kaakaa Langu Halijaguswa, Mke Wangu Ananipepea

Mshauri wetu, niokoe, mdomo umeniponza. Mimi ni mnadi, nauza samani kuukuu kwa kupiga kelele mchana kutwa, na miaka yote nimepiga mswaki kama mtu anayesugua sufuria lililoungua, mpaka ufizi wa meno manne ya mbele ukarudi nyuma, mizizi ikabaki uchi, basi daktari wa meno akanipa njia tatu za kuifunika: anikate kipande kwenye kaakaa langu mwenyewe, atumie ngozi ya mtu aliyefariki iliyosafishwa, au utando wa nguruwe, na nilipomweleza mke wangu, ambaye ni msusi na ulimi wake hauna breki, akasema, "Nguruwe mwache hukohuko, na ukiweka marehemu mdomoni, busu utampa yeye." Nikaogopa, lakini kukatwa kaakaa nikakuogopa zaidi, kwa hiyo nikasaini ya marehemu, nyumbani nikasema nimekatwa kaakaa, na tangu hapo napikiwa uji, napepewa, naitwa shujaa, nami nagumia kila nikikumbuka kujifanya naumwa. Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu, ana jino moja lenye shida hiyohiyo, ameniona siku ya nne niko mnadani, akasema, "Kama wewe mwoga umeweza, mimi nani?" Keshokutwa anakatwa kaakaa, na amepanga kurudi darasani kesho yake. Nifanyeje?
Shujaa wa Uji

Wewe shujaa, pole kwa ufizi. Kwa uongo sikupi pole.

Kuchagua hukukosea. Meno manne yanataka nyama nyingi, na kaakaa si bohari. Hiyo ngozi imesafishwa hadi haina chembe hai. Imebaki kiunzi ambacho ufizi wako unatambalia. Mzimu hakuna. Utando wa nguruwe nao ni kiunzi vilevile, ila asiyeutaka asilazimishwe. Na mswaki, nunua laini, acha kulima.

Kipande cha kaakaa mara nyingi ndicho hushika na kudumu kuliko vyote, na kwa jino moja la shemeji yako huenda ndicho kinachomfaa. Lakini kina vidonda viwili: kinapotolewa na kinapobandikwa. Hilo alijue kabla ya kukaa kwenye kile kiti, wewe umemficha kwa kuonekana mnadani siku ya nne kana kwamba kaakaa lililokatwa hupona upesi hivyo!

Anza na mkeo, leo, bakuli la uji likiwa mezani. Atanuna. Na kama amekubusu tangu siku ile, muulize marehemu alilalamika nini. Kisha mfuate shemeji yako kwake, usitume ujumbe. Akikutukana, msikilize mpaka amalize, ana haki. Akishamaliza, aongee na daktari upya, aombe ruhusa kazini, na akichagua kaakaa hata hivyo, umsindikize wewe.