Hoteli Niliyowachagulia Wakwe

Unguja Mjini, Jumapili, mwaka 1971

Wingu limekaa juu ya mapaa ya Mkunazini tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Joto la kuvua shati. Nimelivua, na bado najiona nimevaa kitu kizito.

Nnaandika chumba cha juu, nyumbani kwa Dada Zuhura. Yeye yuko chini uani anasugua sinia. Sinia lenyewe limetakata zamani, lakini hataki kuliachia.

Hajanisemesha tangu alasiri.

Mimi si mtu wa kukosa la kusema. Bandarini Mombasa, ninakofanya kazi ya winchi miaka yote hii, watu huacha chai yao ipoe wakinisikiliza. Shule niliishia darasa la nne, lakini makarani wenye kalamu mfukoni huja kuniuliza mambo ya dunia. Leo nimekaa juu ya kitanda cha kamba kama mtoto aliyevunja mtungi.

Jambo lenyewe ni posa ya Rukia, binti wa pekee wa Dada. Mimi ndiye niliyeipika posa hiyo. Mzee Athmani, muuza vitambaa kule Mombasa, ana kijana wake, Salim, mpole na msomi. Nikamwambia mzee ninaye mpwa Unguja, mwenye adabu, mwenye mkono wa kupika, anayesoma Kurani ukasikia raha. Mzee hakumjua Rukia. Dada yake mzee, Bi Saumu, ambaye ndiye mwenye kauli katika nyumba ile, hakumjua. Wote wawili waliamini mdomo wangu, wakapanda meli pamoja nami kuja kumwona binti na kumaliza maneno.

Ndani ya meli nikazidisha. Niliwaambia mkifika Unguja nitawapeleka hoteli ambayo mpishi wake alikuwa ananitazama usoni kwanza ndipo atie chumvi. Niliwaambia siku moja balozi mzima aliinuka akanipisha kiti changu pale. Na hayo ya kiti yalitokea, karibu hivyo.

Basi tulipofika, ofisa wa bandarini alitazama paspoti yangu, akaniuliza nimekuja kwa nani na nitakaa siku ngapi. Mimi! Niliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Bi Saumu alinitazama kwa pembe ya jicho. Nikajua lazima nipate hoteli ya kumfunga macho.

Leo asubuhi nikatoka peke yangu kuitafuta. Ile ya Darajani, yenye meza za marumaru, imekuwa ghala; nimechungulia nikaona magunia. Ile ya mtaa wa Malindi, iliyokuwa na biriani ya Ijumaa, imepigwa kufuli, na jirani akaniambia mwenyewe yuko Maskati miaka mingi. Ya Shangani hata mlango sikuuona. Nilisimama pale nilipodhani ulikuwepo, mpita njia akanisalimu na kuniuliza kama nimepotea.

Nikamjibu nnatazama jengo.

Mwisho nikaipata moja upande wa pwani, ina vitambaa mezani na feni inayozunguka kwa kulalamika. Nikasema hii hii.

Sasa, kwa nini nisiwalishe hapa kwa Dada? Hilo ndilo linalonikaba. Mchele Unguja siku hizi ni wa kupangia foleni, na habari hizo Mombasa kila mtu anazo. Nilimwona Dada katika fikira zangu anawawekea wakwe kikombe cha chai kavu, na Bi Saumu anainua ile nyusi yake. Nikadhani nnamsitiri. Nikamwambia Dada wageni watakuja alasiri kuzungumza tu, asijishughulishe na kupika. Akasema, "Haya, kaka."

Niliposema vile nilikuwa nimesahau kwetu. Nani hapa Unguja amewahi kumwambia mwenyeji asijishughulishe, na mwenyeji akamtii? Husemwa kwa adabu, na mwenye nyumba huenda moja kwa moja kuwasha moto. Mombasa nako ni vivyo hivyo. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Na wale nao nikawaambia neno jengine. Njiani kwenda hotelini Bi Saumu aliuliza, "Kwani wenye binti hawatulishi?" Nikapunguza sauti, nikasema hali ya Dada yangu ni ngumu, masikini, tusimwelemee.

Yaani niliiuza nyumba ya Dada yangu ili ninunue sifa ya hoteli.

Mtumishi akaja, kitambaa begani. Nikaagiza pilau kwa sauti ya mtu aliyezoea. "Mchele hakuna, mzee," akasema, "kuna muhogo wa nazi na samaki." Mzee Athmani akacheka kidogo. Mimi sikutetereka. Nikawaambia muhogo wa hoteli hii ndio waliokuwa wakiutaka mabalozi, pilau walikuwa wanawaachia madereva. Nikawapakulia kwa mkono wangu. Sahani ikipungua naijaza. "Ongeza, Bi Saumu, huu hutaupata Mombasa." Na kila sahani nikaitilia hadithi yake, mpaka yule mtumishi akasimama na bilauri mkononi akinisikiliza. Muhogo wa nazi si chakula cha mchezo. Unashuka tumboni na kukaa kama nanga. Walipoinuka, Mzee Athmani alishika meza.

Alasiri tukaja hapa.

Nilipofungua mlango wa chini harufu ikanipiga. Mdalasini, karafuu, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva vyema. Sebuleni mkeka mpya, na katikati sinia limefunikwa kawa ya rangi, ile ya mama yetu. Rukia akaja na kanga yake nzuri, akainama, "Shikamoo mjomba," kisha akawasalimu wageni na kuwanawisha mikono. Dada akaifunua kawa.

Pilau. Pilau ya kuku, nyeusi kwa bizari, punje moja moja.

Baadaye Rukia amenieleza ngazini mchele ulitoka wapi. Bi Mwanajuma wa jirani alitoa kibaba, mke wa fundi cherehani kibaba, wengine wa kichochoroni kila mmoja kwa kiasi chake, kwa sababu binti anayeposwa ni wa mtaa mzima. Jogoo alikuwa wa Dada mwenyewe, yule aliyekuwa akiwaamsha alfajiri.

"Karibuni, bismillah," Dada akasema.

Mzee Athmani akatia vidole, akachukua tonge la kumtosha ndege. Akatafuna muda mrefu. Bi Saumu akagusa ukingo wa sinia, akarudisha mkono wake mapajani. Dada alikuwa anawatazama mikono. Hapa kwetu wakwe wakiugusa wali kwa ncha za vidole na kuuacha, huwa wametoa jibu, na jibu hilo si la kuoa.

"Mbona hamli?" akauliza. "Pilau haikukolea?"

"Mashaallah, imekolea," akasema Bi Saumu. "Ni vile sisi tushakula, dadangu. Kaka'ko alitwambia hali yenu hapa, tukaona tusiwaelemee. Akatupeleka hoteli."

Dada hakunitazama. Ningependa angenitazama.

"Kaka alisema hivyo?"

"Alisema."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, hata hadithi ilikuwa imekwisha kujipanga, juu ya daktari aliyemkataza Mzee Athmani kula mchana. Lakini mzee mwenyewe alikuwa anatazama lile sinia kwa huruma, nikaiacha hadithi. Dada akairudisha kawa mahali pake, polepole, kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Basi leo hatuna la kuzungumza," akasema. "Maneno ya posa huja baada ya kula."

Nikawasindikiza mpaka mlangoni. Pale Bi Saumu akageuka. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya. "Bwana Mussa, ulitwambia nyumba haina kitu, tumekuta sinia la kulisha harusi. Sasa na hizo sifa za binti tuzipime kwa kipimo gani?"

Mimi, niliyewanyamazisha mabaharia wa kila bendera, nikawafungulia mlango tu.

Maana sifa za binti ni za kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hasira ya Dada. Kila nilichosema juu ya Rukia ni haki tupu. Adabu anayo. Kurani anaisoma. Ile pilau kaipika yeye, mama yake alikaa pembeni tu. Mara moja katika maisha yangu nilibeba jambo lisilohitaji kuongezwa kitu, na nimelipaka mate kama yale mengine mpaka halitambulikani.

Pilau imekwenda kwa majirani, sahani kwa sahani, kila aliyetoa kibaba amerudishiwa. Nimesikia Dada akimwambia Bi Mwanajuma mlangoni, "Wageni walikuwa wameshiba." Hakuongeza neno. Hakunitaja.

Halafu Rukia akanipandia na ujumbe. Macho mekundu, lakini sauti yake imenyooka. "Mjomba, mama kasema uende Malindi walikofikia wageni. Uwaambie kesho waje kabla ya meli yao, na waje na njaa. Mchele umekwisha, kutakuwa na muhogo. Na kasema usiongeze lako."

"Na wewe unataka waje?" nikamuuliza.

"Nataka wale kwetu," akasema, akashuka.

Muhogo. Ule ule.

Adhana ya magharibi inakaribia. Nikishaswali nitatoka. Kutoka hapa mpaka Malindi si mbali, lakini ni njia ya kutosha kwa mtu kama mimi kuzua hadithi nzima, na nnazisikia zinaanza kujikusanya. Je, nitafika kule na maneno ya Dada yakiwa matupu kama alivyoyatoa? Nitaweza kumtazama Bi Saumu nikamwambia nilisema uwongo juu ya nyumba ile, juu ya hoteli, juu ya muhogo, na kwamba la binti tu ndilo kweli? Na kwa nini aniamini hilo la mwisho?

Nina njaa. Hotelini nilikuwa nasimulia, sikutia kitu kinywani. Hapa sikuthubutu kunyoosha mkono. Harufu ya pilau ingali kwenye ngazi.

Tangu utoto Dada hunipigia kelele kutoka uani chakula kikiwa tayari, "Mussa!", nami huitika naam na kushuka mbio. Leo hakuita. Akiniita kesho, mbele ya wale watu au bila yao, nitasema naam, nitakaa, nitakula muhogo wangu, na sitaongeza hata neno.