Kiroba cha Wilhelmina

Rose! Acha unachofanya usome. Jirani yangu Wilhelmina kaumbuka leo pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa, mpaka nimeshindwa kumtazama.

Si unajua Jumamosi ya usafi ndiyo siku yake? Kasimama mbele ya akina mama wanaoanika dagaa, kipaza sauti mkononi, akawaambia WAO ndio wanaoliua ziwa. Wao! Kawasema mpaka mate yakamkauka.

Basi mama mmoja mtu mzima, Mama Okech, akavuta kiroba kutoka majini. Kimejaa pampasi na chupa. Ubavuni kimeandikwa kwa maka peni: WILHELMINA CHENGE, STENDI BUZURUGA, na namba ya simu.

Rose, ni kile kile mama yake alichotilia michembe ya viazi akamtumia kwa basi kutoka Kisesa!

Mama Okech hakubishana. Kaipiga ile namba. Simu ikaita mkobani kwa Wilhelmina. Ikaita, Rose, IKAITA, na hakuna aliyecheka.

Si unatujua sisi wa mlimani: mvua ikianza, kila mtu anasukumia taka zake mferejini, maji yabebe. Juzi Wilhelmina naye alifanya hivyo hivyo. Hakuwahi kujiuliza maji yanazipeleka wapi.

Mama Okech akamkabidhi kiroba: “Chukua, mwanangu. Sisi huku chini hatuna wa kumtelemshia.”

Kapanda mlima nacho kichwani. Sasa hivi wingu limefunga, majirani wameanza kutoa viroba vyao.

Na changu kiko hapa mlangoni, Rose. Nimekifunga tangu asubuhi.