Banasema VHS Imekufa

Jumanne, 4 Juni 1996

Nilitoka nyumbani na deki ya VHS yenye kukohoa. Nimerudi na mashine ingine kabisa. Acha niandike vizuri ginsi ilipita, juu bibi yangu Mathilde ataniuliza tena kesho na mi nataka majibu yafanane.

Nilienda Lilongwe kusafishisha kichwa ya deki. Kintu kidogo tu — pamba na alkoli, basi. Mwenye duka, bwana moja wa kravati, hakuigusa hata. Aliiangalia, akasikitika sawa daktari mbele ya familia. Akasema VHS imekufa Ulaya. Imekufa Japani. Ni sisi huku tu tunaendelea kuivalisha nguo. Kisha akafungua kabati ya vioo, akatoa diski. Ndogo sawa kisahani cha kikombe, inang'aa! Banaita VCD. Film iko mule, picha safi, haikatiki, haitafunwi, haichoki.

Nilikataa. Mi si mutoto! Bukavu, mwaka wa 84, niliuza pikipiki nikanunua Betamax, juu muuzaji aliapa VHS haitafika mbali. Miaka miwili — hakuna kaseti ya Beta mu muji muzima. Nikanunua VHS. Ile VHS njo ilitoka na mi Bukavu siku ya kukimbia, mbele ya nguo za batoto. Sasa huyu anasema: bwana, ngoja mwaka ujao, ile VHS yako hata kuku itakataa kutaga juu yake.

Nikamwachia deki, nikachukua mashine yake ya VCD. Nikaongeza na makuta ya mabati, feza yote ya paa ya nyumba. Tumelala chini ya plastiki ya HCR huku kambi ya bakimbizi ya Dzaleka mwaka na nusu, miezi michache zaidi itaua nani?

Jumatano, 5 Juni

Mathilde hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Baba Rodrigue, mabati iko mule ndani ya kasha?" Nikamwambia hii njo mashine ya siku zijazo. Akasema vizuri, mvua nayo ni ya siku zijazo, itafika mwezi wa kumi na moja.

Hajui biashara. Inchi hii haina stesheni ya télé hata moja! Inchi muzima! Muntu akinunua télé hapa, amenunua kioo cha kujiangalia, mpaka apate video. Njo maana salle yangu ya video ilikuwa inajaa: Barundi, bantu ba Bukavu, hata Bamalawi toka Madisi.

Shida ni diski. Niko nayo moja, ya zawadi, ilikuja mu kasha. Diski ya film ni kwacha mia tatu. Na film moja inaomba diski mbili! Ile bwana wa kravati alisahau kuielezea. Muntu anainua bunduki, picha inakatika, unasimama, unageuza sawa chapati. Nilibaki na makuta ya diski moja. Duka ilikuwa na sehemu ya pili tu. Niliiacha.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbili za diski ya zawadi. Ni nyimbo za Kichina, maneno inapita chini. Dada moja na mwamvuli anatembea karibu na maporomoko ya maji, na huzuni. Anatembea nyimbo kumi na sita. Mu wimbo wa tisa anapanda mashua. Zaidi ya pale hakuna kitu kinafanyika.

Jana balikuja bantu makumi tano. Picha — lazima niseme — safi! Unaona hata mishono ya kanzu. Leo balikuja saba, na batatu balikuwa batoto bangu. Batoto ba mutaa sasa banaimba Kichina kwenye bomba ya maji.

Na habari ya leo, sitaki hata kuiandika. Gakiza, Murundi wa mustari wa pili, amefungua salle. Amenunua deki Lilongwe. Kwa bwana wa kravati! Nilienda kuchungulia. VHS. Alama ya kuungua pembeni, fasi Mathilde aliweka pasi mwaka wa 91. Deki yangu! Ile maiti! Alipitisha pamba kwenye kichwa, akaiuza. Bei sikuuliza.

Niliuliza. Ni karibu ile ya mabati.

Jumapili, 9 Juni

Baridi. Misa. Nimeandika barua ku kiwanda, Japani, na Kifaransa, kurasa tatu. Messieurs, tangu 1984 munanifanyia hivi. Nimebaomba bachague kintu kimoja bakae nacho, sawa bantu bengine banavyokaa na bibi moja. Mathilde ameisoma. Amesema stempu ninunue na makuta ya yule dada wa mwamvuli.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mukwe amekufa.

Léonidas, dreva wa lori mwenye kupitisha mizigo toka Kigoma mpaka Lusaka, alifika saa nne. Alileta barua ya shemeji Bisimwa, kaka ya Mathilde, na kaseti moja mu nailoni. Mama alikufa kule Bukavu, tarehe nane ya mwezi wa tano. Mwezi muzima Mathilde alikuwa anashona, anacheka, ananitania, na mama yake iko chini ya udongo. Alikaa chini mbele ya jiko. Hakulia na sauti. Mi nilisimama pale na mikono yangu mbili, sikujua niiweke wapi.

Barua inasema hivi. Mama alipojua zimebaki siku chache, alikataa padri kwanza, akaomba aitiwe muntu wa kufilm harusi. Alisema binti zake batatu bako mu mainchi matatu, hakuna moja atamuzika, basi atasema nao yeye mwenyewe. Kaseti inapita: kwanza Vénérande, Kigoma. Sasa Mathilde. Kisha Olga, Lusaka, na pale njo itabaki. Léonidas iko na mizigo ya kushusha Lilongwe, anaondoka Ijumaa alfajiri, lazima aende nayo. Bisimwa amepiga mustari chini: musimucheleweshe mwenzenu.

Nilifungua nailoni. Kaseti ya VHS.

Mathilde aliinua macho, akaangalia kasha ya siku zijazo pale ku kona. Afadhali angenitukana!

Jumanne, 11 Juni

Nilienda kwa Gakiza. Nilitayarisha maneno mazuri njiani, yote ilibaki njiani. Alisema: "Muzee, musiba haulipishwi. Mukuje saa nane, film nitazima." Ni muntu muzuri. Njo kinachouma.

Lakini kilio ni kilio. Mutaa muzima bakatufuata, hata benye hatujuani. Kwaya. Bamama na viti bichwani. Saa nane salle ya Gakiza ilijaa kushinda siku ya film ya karate, muuza mandasi akafika na beseni yake, na baba moja nyuma yangu akauliza kama kuko sehemu ya pili.

Halafu mama mukwe akatokea. Mistari inapita, rangi imekimbia, sura yake kijani. Lakini ni yeye! Amekaa ku kitanda, kitambaa cha kanisa kichwani, anamugombeza muntu wa kamera: "Unaniangalia nini? Imeshawaka?" Salle yote ikacheka. Mathilde akacheka pia, akashika mukono yangu, na pale njo akaanza kulia.

Mama alimwita na jina la utoto. Miaka makumi mbili na tano niko na huyu bibi, sikuijua ile jina! Sitaiandika, si yangu. Alimwambia: ulikimbia na batoto, ulifanya vizuri, usikae kuwaza kaburi yangu, Bisimwa atang'oa majani. Alisema na ile sauti ya kutuma muntu sokoni. Bamama benye viti balikuwa banajibu, "Eeh, mama," sawa iko pale.

Kisha ikafika zamu yangu. "Hubert naye iko hapo? Hubert, siku ulikuja kuomba mutoto yangu, benzako banaletaka mbuzi, we ulileta redio. Nilikasirika miezi mitatu. Ile redio inasema mpaka leo."

Salle muzima iligeuka kuniangalia. Bengine balipiga makofi. Sijui kama alinisifu ao alinitukana. Nadhani yote mbili. Nilikuwa namuogopa ule mama, na leo, mbele ya bantu mia, nikaona niko namulilia.

Mathilde aliomba irudishwe. Gakiza akarudisha. Mara tatu. Petroli ya groupe, ile jenereta ya Gakiza, ilipoisha, Mathilde alikuwa bado anaangalia kioo cheusi.

Jumatano, 12 Juni

Amesema maneno moja tu tangu asubuhi: "Kesho kutwa mama anaenda kwa Olga. Nataka abaki na kwangu."

Kukopi kaseti inaomba deki mbili. Dzaleka yote kuko moja. Basi kesho Lilongwe, na kasha nabeba pia. Hakuniuliza ya nini. Ameifunga na kitenge yake mwenyewe, fundo mbili.

Alhamisi, 13 Juni, Lilongwe

Nilianzia mutaa wa Nsungwi, kwa mwalimu moja banasema iko na deki mbili. Ni kweli, iko nazo. Moja alitoka nayo masomoni Amerika, ingine alinunua Afrika ya Kusini. Haziongei luga moja! Kaseti ya hii, ile inaonyesha mvua tu. Ile ya Amerika ameweka maua juu yake. Alinipa chai, alinipa pole, nikatoka.

Ikabaki duka. Bwana wa kravati alinipokea sawa ndugu. Nikauliza kukopi. Akasema: VHS kwa VHS ya nini, tia mama kwenye diski, diski haizeeki. Nikasema haya, tia! Ah — ile kazi inafanyika Johannesburg tu. Bei aliiandika ku karatasi, nadhani mudomo ilikataa kuisema.

Nikafungua kitenge. Nikamwambia: pokea tena hii yako, unipe kopi, unipe na deki yoyote ya zamani. Akaangalia VCD yangu. Akasikitika. Ile masikitiko naijua! Akasema, bwana, kwa kweli... mwaka huu Japani banatoa diski ingine. Film muzima, diski moja tu. Hii ya kwako itakuwa ya kuwekea vikombe.

Siku tisa! Nimekaa na siku zijazo siku tisa!

Nilitafuta tusi. Na Kiswahili, na Kifaransa, na Mashi ya kwetu. Hakuna yenye ilitosha. Tukapatana hivi: anabaki na mashine, mi napata kaseti tupu na kazi ya kukopi. Deki, hapana. Mabati, hapana. Mathilde atakuwa anaenda kumuangalia mama yake kwa Gakiza. Lakini atakuwa naye.

Saa nane na nusu akatia kaseti ya mama mu deki mpya, ya kuuza, bado na kibandiko cha bei. Ikaanza. Mama akamugombeza tena muntu wa kamera. Bakliyenti babili balisimama bakacheka, na Kiswahili habajui hata kidogo.

Saa tisa kasoro. Alikuwa anasema na Mathilde. Ile jina bado iko mu mudomo yake — umeme ukakatika. Duka yote. Barabara yote.

Bado Alhamisi, saa kumi na nusu

Umeme hakuna. Nimetoa daftari mu koti juu nikikaa bure nitavunja kitu.

Kaseti iko ndani, na bila umeme deki haitemi. Niliomba bisibisi, nifungue mwenyewe. Bwana wa kravati amekataa: deki mpya, ikifunguliwa garanti inakufa. Tena ukanda umezunguka ku kichwa, nikivuta unakatika, na yenye itakatika ni sura ya mama. Ile ya pili ni kweli. Nachukia kukubaliana naye.

Anafunga saa kumi na moja. Kesho sikukuu ya inchi, duka haifunguliwi. Ananiambia nirudi Jumamosi, zikomo, asante ya kwao, bila wasiwasi. Léonidas anaondoka kesho alfajiri. Olga iko Lusaka anangoja. Mathilde iko Dzaleka anangoja. Nirudi kumwambia nini? Kwamba mama ameuzwa pamoja na deki, sawa vile niliuza ile ingine?

Nimekaa chini, mugongo ku meza, deki ku mapaja, waya na yote. Amesema, "Bwana, please." Nimemwambia: mama mukwe yangu iko humu ndani, hajamaliza kusema na mutoto yake, mi sitoki. Amesema ataita mulinzi. Ameita.

Mulinzi ni muzee wa Malawi, koti refu, fimbo. Aliuliza kuko nini. Nilimwelezea na Chichewa yangu ya soko, sijui alisikia nini ndani yake. Amesema, "Pepani," njo pole ya kwao. Amevua kofia. Amekaa chini karibu yangu, fimbo amelaza sakafuni.

Bwana wa kravati iko ku mulango, kofuli mu mukono. Ameangalia saa. Anatuangalia sisi.