Video ya Injini ya Gelasius

Gift, mume wangu analia gereji, sijui nifanyeje.

Si alifunga injini mpya kwenye gari letu, akaamua kuuza ile ya zamani? Mnunuzi, mzee Tajdin wa Brampton, akataka kuisikia ikiunguruma. Ilishatolewa, kwa hiyo Gelasius akamfungulia video ya mwaka jana. Alisahau kabisa baba yake, alipokuja kututembelea, anaongea mle!

Mle kwenye video baba yake kainamia injini, anacheka: "Hii itanizika, mwanangu."

Na unajua alizikwa huko nyumbani Machi, sisi tumekwama huku ugenini tunangoja makaratasi ya ukaazi.

Tajdin akafurahi: "Mzee wako fundi! Mpigie basi, nimuulize kama iliwahi kuchemsha."

Mpigie, Gift! Eti mpigie!

Gelasius akajibu, "Haijawahi." Akamsaidia kuipakia kwenye pikapu. Theluji inaanguka, akavua koti lake, akaifunika ile injini.