Mbuzi Wangu Anakula kwa Mwenzangu

Jumatano, Pujini. Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri, uwanja mzima tope, na mie nimenuna.

Niseme bila kuzunguka: nina wivu. Si wa mume, huo nimeshauzoea. Ni wivu wa mbuzi.

Kidoti ni mbuzi wangu, kizazi cha mbuzi alioniachia marehemu mama. Ana mtoto anayenyonya. Tangu wiki iliyopita nikimtilia majani ya mfenesi, chakula alichokuwa akikipigania, anayanusa, anapiga chafya, anageuza uso. Kisha anajinasua kamba, anavuka uwanja mpaka kwa Zuwena, mke mwenzangu, na huko anakula majani ya mfenesi ule ule mmoja ulio nyuma ya nyumba zetu, mpaka tumbo linamvimba.

Majani yale yale! Kwangu sumu, kwake halua.

Nimeyanyunyizia maji ya chumvi, maana mbuzi na chumvi ni ndugu. Akalamba juu juu, majani akayaacha. Nikachanganya na maganda ya muhogo, akachambua maganda. Mwisho nikaanza kumdhania Zuwena mambo mengine, Mungu anisamehe, na nilipomwona anamkuna Kidoti shingo niliingia ndani nikasonya mpaka mate yakanikauka.

Jana jioni mume wetu akakata shauri. Maziwa yamepungua, maana si kila siku Kidoti anafanikiwa kujinasua, na mwanawe anakonda, basi Ijumaa Kidoti ahamie banda la Zuwena moja kwa moja. "Mbuzi mwenyewe kishachagua," akasema, akacheka.

Mie sikucheka. Mwanamke niliyekwisha kumgawia zamu za mume, leo nimpe na mbuzi wa mama yangu?

Leo baada ya adhuhuri, mume yuko shamba, Zuwena akaja kwa mlango wa uani, kajifunika kanga kwa mvua.

"Hodi, Bi Mkubwa. Usinifahamu vibaya, lakini majani yako wayatia kwenye nini?"

Nikamwonyesha gunia, tena kwa ukali. Gunia zima, zuri, lilibaki tulipouza karafuu wiki iliyopita, nikaona lisikae bure. Kila asubuhi nakata majani, nayashindilia humo yasinyauke mpaka jioni.

Akatia pua. Akakohoa.

"Yanuka karafuu haya, Bi Mkubwa! Kwani weye husikii?"

Sikusikia. Mie nimezaliwa na kukulia kwenye mikarafuu, harufu yake imo kwenye nguo zangu, kwenye mto wangu, kwenye nywele. Zuwena kwao Kiuyu, watu wa samaki, mikarafuu kwao ya kutafuta, kwa hiyo pua yake bado inashtuka. Na ya mbuzi pia, kumbe.

Nikatoka na mvua ile ile, nikakata majani mapya, nikayabeba mikononi. Kidoti akanusa mara moja tu, akayavamia. Mwanawe naye akasogea kuona mama anatafuna nini, akang'ata kipande. Wallahi nilikaa chini topeni nikalia kwa furaha. Kisha nikakumbuka ni nani aliyenisaidia, na furaha yote ikatumbukia nyongo.

Hata hili kanishinda.

Mume bado hajui. Zuwena kasema nimweleze mwenyewe, kwamba nimegundua mwenyewe, yeye asitajwe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana sasa hata kumchukia vizuri siwezi. Kidoti habanduki kwangu, mume atake asitake, na shukurani sijamtolea mwenzangu. Neno limefika ulimini likagoma kutoka.

Angenyamaza mpaka Ijumaa tu, mbuzi angekuwa wake. Hakunyamaza.

Je, lingekuwa gunia lake na mbuzi wake, mie ningevuka uwanja ule kwenda kumwambia?